Kulaza Mashine

Gari la mwisho huondoka kama saa kumi na mbili jioni, jua likiwa limeshaelekea Kinyerezi. Vijana wanakamua matambaa, wanayaanika kwenye kamba, wanagawana hela ya siku na kutafuta ndala zao kavu. Anayepita barabarani saa hiyo ataona pamefungwa. Lakini upande wa nyuma, chini ya mabati, mtu mmoja amekunja suruali hadi magotini, amechuchumaa mbele ya mtungi wa chuma, na anautoa upepo taratibu. Mtungi unapiga mluzi mrefu, mluzi unashuka, unashuka, kisha unanyamaza. Hapo ndipo anaposhika spana.

Madereva wana neno lao kwa saa kama hiyo: kulaza gari. Huyu yeye analaza mashine ya povu. Nimemtazama jioni nyingi akiifanya kazi hiyo, na kadiri ninavyomtazama ndivyo ninavyoamini kwamba uoshaji mzuri wa gari, ule ambao mteja anausifu asubuhi, umefanyika jioni ya jana yake, mahali ambapo hapakuwa na mteja.

Vijana wanamwita Mjomba, nami nimezoea kumwita hivyo hivyo. Sehemu yake iko Tabata, Dar es Salaam: sakafu ya zege yenye mteremko kuelekea mtaroni, simtanki mbili juu ya mnara wa vyuma, mashine ya presha, kompresa ya mkanda, na ule mtungi wa stenlesi wa lita 80 uliosimama juu ya magurudumu mawili. Kwa muda mrefu niliangalia pale kile ambacho kila mteja hukiangalia, yaani povu lenyewe. Gari linaingia na vumbi la safari, linavalishwa shuka jeupe kuanzia chini kwenda juu, linaachwa dakika chache. Povu linateleza polepole milangoni likiondoka na mchanga, kisha maji yanashuka kutoka paani na rangi inajitokeza. Uzuri wa shuka lile una kazi yake. Mchanga usipolainishwa na kuinuliwa kwanza, sponji huuburuta juu ya rangi, na kila punje huacha mkwaruzo wake. Gari linalooshwa hivyo kila wiki kwa miaka miwili hupoteza mng'ao bila mwenyewe kujua ni siku gani lilianza kuupoteza.

Yaliyo nyuma ya povu niliyajua kwa hasara. Nilinunua kichupa cha povu cha kufunga kwenye mashine ndogo ya presha niliyonayo nyumbani. Wiki za kwanza kilitoa povu zito, la kuchoteka kwa kijiko. Mwezi wa tatu likawa jepesi kama maji ya kufulia yaliyokwishatumika mara mbili. Mwezi wa nne yakatoka maji matupu. Nikakitia kwenye mfuko, nikampelekea Mjomba.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, baba. Lete tukione."

Alikigeuza, akakinusa mdomoni, akauliza swali moja tu: "Ulipomaliza kuosha mara ya mwisho, ulikisuuza?"

Nikamwambia ukweli. Nilikuwa naacha sabuni humo humo ili nisipate taabu ya kuchanganya upya wiki inayofuata. Hakunisema. Alivuta kigoda, akatandika taulo jeupe juu ya meza, akaanza kufungua.

Taulo lile nalo lina sababu yake. Juu ya mbao au bati, oringi ndogo ikidondoka inabiringika na kupotea. Juu ya taulo inabaki palepale ilipoangukia, na kwa kuwa ni nyeusi juu ya weupe, jicho linaiona mara moja. Kila alichokitoa alikipanga kwa mstari, kushoto kwenda kulia: kishikio cha mbele, springi, nati ya shaba, oringi, na kadhalika. Wakati wa kurudisha atausoma mstari huohuo kutoka kulia kwenda kushoto, wala hatahitaji kukumbuka kitu.

Alichokuwa anakitafuta kilikuwa katikati kabisa: kidonge cha nyuzi za stenlesi zilizosokotwa na kubanwa pamoja, kiasi cha ncha ya kidole gumba, ndugu wa ile stilwaya ya kusugulia masufuria. Kazi yake ni kuyavunjavunja mapovu makubwa yawe madogo sana, kwa sababu povu la vipovu vidogo ndilo linalong'ang'ania mlangoni, na la vipovu vikubwa hupasuka na kukimbilia chini. Kidonge kilipaswa kung'aa. Changu kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, nyuzi zake zimegandana kama ukoko wa wali.

Akachukua bilauri ya maji ya uvuguvugu, akakoroga kijiko cha ndimu ya unga, ile ile wanayotia watu kwenye urojo, akakitumbukiza kidonge. Mara vipovu vidogo vikaanza kupanda kutoka kwenye nyuzi.

"Unaona? Hiyo ni chokaa," akasema. "Maji ya kisima. Sabuni ikikauka na chokaa ikikauka, zinashikana kama saruji."

Maji ya visima vingi vya ukanda wetu wa pwani ni mazito, yamebeba chumvi na madini ya chokaa. Yakikauka, maji huondoka na chokaa hubaki. Tindikali hafifu kama ya ndimu au siki huiyeyusha na kutoa hewa ya kaboni, ndiyo ile iliyokuwa ikipanda bilaurini. Mjomba hakutumia lugha hiyo wala hakuihitaji. Anajua kwamba siki na ndimu zinafaa, na kwamba dawa ya kung'arishia nguo nyeupe haifai hata kidogo, kwa sababu klorini hutoboa stenlesi vitundu vidogo ambavyo huanza kama vidoa na kuishia kuvuja.

Wakati kidonge kikiloweka, aligeukia tundu la maji. Kwenye kichupa cha aina ile tundu hilo lina upana wa kama milimita 1.1, na uhai wote wa chombo umo humo. Mwanafizikia wa Italia, Giovanni Battista Venturi, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1797: maji yakipitishwa kwenye njia nyembamba huongeza mwendo, na pale mwendo unapozidi ndipo shinikizo lake linapopungua. Kichupa hakina mota wala pampu yake. Maji ya mashine ya presha yanapochomoka kwenye kile kitundu, shinikizo kando yake linashuka, na sabuni inapanda yenyewe kutoka chini, hewa nayo inaingia kupitia vitundu vya pembeni. Vyote vitatu vinakutana kwenye kidonge na kutoka vikiwa povu.

Alitoa kipande cha waya wa umeme wa zamani, akauchuna kwa meno ya koleo, akachomoa uzi mmoja wa shaba. Nikamuuliza kwa nini asitumie pini, maana ilikuwa palepale kwenye kopo.

"Pini itazibua," alisema. "Itazibua na kukwangua. Shaba ni laini, haiumizi tundu."

Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu. Tundu la milimita 1.1 likikwanguliwa hadi likafika 1.3, eneo lake limekua kwa karibu asilimia 40. Hakuna jicho litakaloona tofauti hiyo, lakini maji yataiona: yatapita bila kubanwa vya kutosha, mwendo utapungua, na sabuni haitavutwa tena kama zamani. Mtu atalaumu sabuni, atanunua nyingine ya bei kubwa zaidi, na tatizo litabaki palepale. Uzi wa shaba uliookotwa kwenye waya chakavu ulikuwa na akili kuliko dawa yoyote ya dukani.

Kidonge kilikaa bilaurini kama nusu saa. Mjomba hakukitoa kabla ya vipovu kukoma. Alikisuuza, akakitazama kwenye mwanga, akakirudisha tena dakika chache. Mwisho alipaka kila oringi grisi ya silikoni, kidogo sana, kiasi cha kuteleza. Grisi ya kawaida ya magari haiwekwi pale, kwani baadhi ya mipira huvimba inapoguswa na mafuta ya petroli, ikalegea na kukatika. Alipokifunga kichupa na kukijaribu, povu lilitoka kama siku niliyokinunua. Hela aliyochukua ilikuwa ndogo, nami nikamwomba ruhusa ya kurudi kumtazama akiutunza ule mtungi mkubwa.

Mtungi huo ni chombo rahisi kukieleza. Ndani yake mna maji na sabuni, lakini haujazwi. Kwenye lita 80 yeye hutia kama 55, sehemu iliyobaki ni ya upepo. Upepo wa kompresa huingia kwa juu na kuyasukuma maji ya sabuni, nayo hupanda kwa bomba jembamba linalofika karibu na kitako. Shingoni hukutana na upepo mwingine unaopitia koki ndogo. Vikishachanganyika husafiri ndani ya mpira hadi kwenye bunduki ya kupulizia, ambako kuna wavu. Ni hayo tu. Vyote vinavyoweza kuharibika ni vichache, na karibu vyote huharibika kwa sababu moja, ambayo ni kuachwa.

Siku ya Mjomba huanza kwenye kompresa. Kabla ya kuwasha, anainama na kufungua kikoki cha chini ya tangi la upepo, na hapo hutoka maji ya rangi ya kutu, asubuhi nyingine hata kikombe kizima. Mara ya kwanza nilidhani tangi limeingiliwa na mvua. Maji hayo yametoka hewani. Hewa yenye joto la nyuzi 30 inaweza kubeba hadi gramu 30 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo, na Dar es Salaam hewa yetu ina unyevu mwingi miezi mingi ya mwaka. Kompresa inapoibana hewa hiyo na hewa ikapoa, mvuke unageuka maji na kutuama chini ya tangi. Yasipotolewa, yanaila sakafu ya tangi kutoka ndani, mahali pasipoonekana, na yanasafiri na upepo hadi kwenye vifaa vingine. Baada ya hapo anatazama kioo cha oili, kama imefika kwenye alama, kisha anabonyeza mkanda kwa kidole gumba. Ukizama kiasi cha upana wa kidole ni sawa. Ukilegea zaidi utateleza, ukikazwa mno utaua beringi.

Kisha mchanganyiko. Maji hutangulia, sabuni hufuata. Ukianza na sabuni, povu linajaa mdomoni kabla mtungi haujapata maji ya kutosha, na kipimo kinapotea. Maji huchujwa kwa kitambaa safi, sabuni hupimwa kwa kikombe kilekile kila siku, kikombe cha plastiki chenye mstari wa kalamu uliochorwa na kuchorwa upya. Mstari ule una maana kubwa kwake. Kijana akimimina kwa kukadiria, leo povu litakuwa zito, kesho jepesi, na mtu hatajua kama mashine inaumwa au kipimo kimebadilika. Kipimo kikiwa kilekile, povu linakuwa kama mapigo ya moyo: likibadilika, jua kuna kitu ndani.

Upepo anaujaza hadi geji isome kati ya 4 na 5, vipimo vya bar. Hapo anasogeza koki mbili kwa zamu, moja ya sabuni na moja ya upepo, akipulizia kwenye ukuta wa matofali. Upepo ukizidi, bunduki inatema na kukohoa, povu kavu linaruka vipande. Sabuni ikizidi, ukuta unalowa. Katikati kuna mahali ambapo sauti inalainika na kuwa moja, kama kitambaa kinachochanwa taratibu. Mjomba hufumba macho anapopatafuta.

Kufumba macho kule kulinikumbusha jambo. Mmoja wa watu waliotufundisha mengi kuhusu umbo la povu alikuwa kipofu. Joseph Plateau, Mbelgiji wa Ghent, alipoteza uwezo wa kuona akiwa mtu mzima, na bado mwaka 1873 alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya vimiminika na tando za sabuni. Wengine walimfanyia majaribio na kumsimulia walichokiona, naye akapanga kanuni. Aligundua kwamba tando tatu za povu zikikutana, hukutana daima kwa pembe sawa za nyuzi 120, iwe kwenye beseni la kufulia au kwenye mlango wa gari. Sijamsimulia Mjomba habari hiyo, lakini nikimwona amesimama mbele ya ukuta, macho yamefumbwa, kidole kwenye koki, naamini wangeelewana.

Mchana kutwa mashine hufanya kazi, na hapo mtu hana nafasi ya kuitunza, ana nafasi ya kuisikiliza tu. Lakini ikifika jioni, utaratibu wake hauruki hatua hata kama mvua imekuja au umeme umekatika.

Kwanza anatoa upepo, wote, hadi mshale wa geji ulale kwenye sifuri. Hakuna kifuniko kinachoguswa kabla ya hapo. Aliponieleza sababu hakupaza sauti, ila alinishika mkono kama anayemvusha mtoto barabara. Nami nilipiga hesabu ya hilo pia. Kitako cha mtungi chenye upana wa sentimita 30, kwa shinikizo la bar 5, kinasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa zaidi ya tani tatu na nusu. Ni kama magari madogo matatu yamekaa ndani ya mtungi yakisubiri upenyo. Ndiyo maana kila mwezi huvuta pete ya valvu ya usalama kuhakikisha inapumua na kujifunga tena, na ndiyo maana hajawahi kuruhusu mtungi wa upepo uchomelewe kiraka. Ukipata ufa, unastaafu.

Pili, anamwaga mchanganyiko uliobaki kwenye dumu, hata kama ni mwingi, na kuufunika kwa ajili ya kufua matambaa. Sabuni hailali ndani ya mtungi. Tatu, anatia maji ya simtanki yaliyochujwa, lita kumi hivi, anafunga, anajaza upepo kidogo na kupuliza hadi bunduki itoe maji yasiyo na hata kipovu kimoja. Anayakinga kiganjani na kuyasugua kwa kidole gumba. Yakiwa bado yanateleza, anaendelea. Nne, anapuliza upepo mtupu kukausha mpira. Tano, anaacha kifuniko wazi, mdomo wa mtungi umefunikwa kwa kitambaa chepesi, usiku wote ukauke.

Kisha mpira wenyewe. Ukutani ametundika rimu ya zamani ya gari, imepakwa rangi ya bluu, na mpira unazungushwa juu yake kwa mizunguko mipana. Sehemu nyingi hutumia msumari. Mpira uliotundikwa kwenye msumari unajikunja mahali palepale kila siku, na hapo ndipo utakapopasuka. Rimu haina kona. Kabla ya kuuzungusha anaupitisha wote mkononi, mita kwa mita, akiukunja kidogo na kutazama kama kuna mipasuko myembamba mfano wa nyufa za tope lililokauka. Akiikuta karibu na ncha, anakata kipande hicho, anafunga upya kwa klipu, mpira unapungua nusu mita na kuendelea na maisha.

Jumamosi ni siku ya taulo jeupe. Bunduki inafunguliwa, wavu unalowekwa, oringi zinakaguliwa moja moja kwa kubinywa kati ya vidole viwili. Iliyo hai inarudi duara. Iliyochoka inabaki na umbo la pale ilipobanwa. Oringi ni kitu cha bei ya andazi, na anazo kwenye kopo la kahawa, zimepangwa kwa ukubwa. Viungo vinavyofunguliwa huvalishwa tepu nyeupe upya, kwa kufuata upande ambao nati inakazwa, ili isijifungue yenyewe. Kisha inakuja hatua ninayoipenda kuliko zote. Anachukua brashi ndogo, anaichovya kwenye maji ya sabuni, na kupaka kila kiungo cha mtungi wakati una upepo. Anasubiri. Penye tundu lisiloonekana kwa jicho, kipovu kinavimba. Fundi wa pancha huzamisha tyubu kwenye beseni kwa akili hiyohiyo. Mashine iliyotengenezwa kutoa povu inakaguliwa kwa povu, na povu halimfichi mwenzake.

Mashine ya presha nayo ina zamu yake. Chujio la kuingizia maji husafishwa kila wiki, kwa sababu punje moja ya mchanga kutoka kwenye simtanki inatosha kukwaruza sili za pampu. Oili ya pampu hutazamwa rangi: ikiwa nyeupe kama maziwa, ujue maji yamepenya kwenye sili. Na haiwashwi bila maji hata kwa sekunde chache, maana maji ndiyo yanayoilainisha na kuipoza pampu.

Yote haya yameandikwa kwenye daftari la shule lililotundikwa kwa kamba karibu na swichi. Tarehe, kazi, na mara nyingine neno moja: "oili", "wavu", "klipu". Mwandiko ni wa watu wawili. Kurasa za nyuma ni wa Mjomba, umeinama na kubana nafasi. Kurasa za karibuni ni wa kijana wake wa pili, mwenye umri wa kama miaka 19, ambaye alikuja kutafuta kibarua cha kufuta vioo. Nilikuwepo jioni aliyoachiwa mtungi kwa mara ya kwanza. Alitoa upepo, akamwaga sabuni, akasuuza, akaanza kuzungusha mpira. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kigoda na chai yake, hakusema neno. Kijana alipofika katikati ya rimu alisimama, akatazama mkono wake, akaunusa. Akaufungua mpira wote, akarudi mtungini, akatia maji mengine na kusuuza upya.

Mjomba alikunywa chai yake. "Sasa ameanza," aliniambia kwa sauti ya chini.

Nimeifikiria jioni ile mara nyingi. Hakuna mteja ambaye angejua kama kijana angeacha ile sabuni kidogo mpirani. Kesho yake povu lingetoka vilevile, na keshokutwa pia. Hasara ya kazi ya aina hii haiji siku uliyoiacha, inakuja miezi mitatu baadaye ikiwa imevaa sura nyingine, kama ilivyonijia mimi. Kwa hiyo anayeitenda lazima awe na kitu ndani yake kinachomwambia "bado" wakati macho yote yamekwenda nyumbani. Kitu hicho hakiuzwi pamoja na kompresa. Kinafundishwa kwa kukaa karibu na mtu aliye nacho, jioni baada ya jioni, hadi mkono wako wenyewe ukatae kuendelea.

Lugha yetu ina neno linalonifaa hapa. Kutunza ni kulinda kitu kisiharibike. Na kutunza pia ni kile mtu anachofanya kwenye taarabu anapoinuka kwenye kiti, akaenda mbele na kumpa mwimbaji zawadi yake mkononi, hadharani. Mcheza kwao hutunzwa, tunasema. Wazee waliotuachia lugha hii waliona ulinzi na heshima vinaweza kukaa nyumba moja. Mjomba anaitunza mashine kwa maana ya kwanza kila siku ya Mungu. Ya pili hajaipata kwa mtu, kwa sababu wateja hutunza kinachoonekana, na kazi yake kubwa hufanyika jua likishazama. Nimeandika haya ili niinuke kwenye kiti.

Juzi nilipita pale usiku, pamefungwa, taa moja tu inawaka kwa ajili ya mlinzi. Kupitia wavu wa geti niliuona mtungi umesimama mahali pake, kitambaa mdomoni. Mpira ulikuwa kwenye rimu ya bluu, na kutoka kwenye ncha yake tone moja la maji lilikuwa likijikusanya polepole. Lilidondoka kwenye zege, na pale lilipodondokea hapakubaki hata kipovu.